Ana green card, kwa nini California wanamtoza ada ya watu wa nje?

Swali: Kaka habari za kazi. Tuliingia Marekani 2016 kwa bahati nasibu ya green card, tukafikia San Diego kwa mdogo wangu, binti yangu akaanza gredi ya 6 pale. 2021 baba yake akapata kazi Minneapolis tukahama wote, gredi ya 11 akasomea huku lakini hakuzoea, tukamrudisha kwa mama yake mdogo akamalizia gredi ya 12 San Diego Juni 2023. Baada ya hapo akarudi kwetu akafanya kazi nyumba ya wazee miaka 2. Sasa ana miaka 20, amepata nafasi CSU (California State University, chuo kikuu cha umma cha jimbo) na ameshahamia tena San Diego, bili imekuja na ada ya watu wa nje juu ya ada ya kawaida. Tumepiga simu wanasema si mkazi, wakati ana green card! Mtu mmoja katuambia asubiri mwaka mzima, mwingine katuambia tujaze AB 540, wa tatu akasema tusithubutu, hiyo ni ya wasio na makaratasi na itamharibia uraia. Tushike lipi? Na mtoto wa kaka yangu yuko Arusha anataka kuja kwa viza ya mwanafunzi, naye ataipata hiyo?

Jibu:

Dada yangu, pole na hiyo bili. Nianze na jibu lenyewe halafu ndo nieleze, ili leo ulale: kwa hayo uliyoandika binti yako anastahili kusamehewa ada ya watu wa nje, anastahili sasa hivi, hana haja ya kusubiri mwaka, na njia yake ni hiyohiyo AB 540, sheria ya California inayomsamehe ada ya nje aliyesoma huku. Wa kumsikiliza ni yule wa pili. Mtoto wa Arusha kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hapati, nitafika huko mwishoni.

Sasa tuanzie pale mlipokwama, maana nimekaa dirishani ofisi ya usajili miaka mingi na hili neno moja, resident, limewaliza Waswahili wengi kuliko fomu yoyote. Green card inakufanya mkazi wa kudumu wa Marekani. Hiyo ni habari ya serikali ya Washington. Chuo cha umma kinapouliza kama wewe ni mkazi kinauliza kitu kingine kabisa, kinauliza kama wewe ni mkazi wa California kwa hesabu ya ada, na hapo hata raia aliyezaliwa Ohio akija jana ni mtu wa nje kama wewe tu. Kwa hiyo yule dada wa kwenye simu aliposema binti si mkazi hakuwa anabishana na green card yake, alikuwa anasema hajakaa California mwaka na siku moja kabla ya tarehe yao ya kuhesabia. CSU kwa muhula wa fall, ule wa kuanza mwaka wa masomo, tarehe hiyo ni Septemba 20. Binti katoka Minnesota juzi, ukimpima kwa kipimo hicho anaanguka na wala hamjaonewa.

Tatizo ni kwamba mlipiga simu kuuliza habari ya ukazi, mkajibiwa habari ya ukazi. Hakuna aliyewauliza "huyu mtoto alisoma wapi?" na swali hilo ndo lenye pesa.

Halafu hili la kusubiri mwaka. Naomba msilifuate. Kwanza nafasi aliyoipata hakuna anayemwekea. Pili wengi wakisikia "subiri mwaka" wanaelewa kwamba aanze chuo hivyohivyo kwa ada ya nje, mwaka ukiisha aombe kubadilishwa, na hapo ndo panapouma, kwa sababu mwanafunzi aliyekwisha anza CSU akiomba kubadilishwa kuwa mkazi wanamwangalia kama anajitegemea kifedha: mzazi awe hajamweka kwenye fomu ya kodi, asiwe amepokea kwa mzazi zaidi ya dola 750 kwa mwaka, na asiwe amekaa nyumbani kwa mzazi zaidi ya wiki 6 kwa mwaka, na wanaangalia mwaka huo pamoja na miaka 3 iliyotangulia. Binti aliyekuwa analala kwenu Minneapolis mpaka mwezi uliopita atavukaje hapo? Hatavuka. Mwaka utapita, pesa itakuwa imekwenda, na ombi litarudi limekataliwa.

Ebu tuone pesa yenyewe ili ujue tunapigania nini. Mwaka wa masomo 2024/25 ada ya msingi ya CSU kwa mkazi ilikuwa dola 6,084 kwa mwaka. Mtu wa nje alikuwa analipa hiyohiyo, halafu juu yake dola 420 kwa kila uniti (kipimo cha ukubwa wa somo), sasa mtoto akichukua uniti 15 kwa muhula hiyo ni dola 6,300, kwa mihula miwili 12,600. UC (University of California) ndo usiseme, mwaka huohuo nyongeza ya mtu wa nje ilikuwa dola 34,200. Komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, mkazi analipa dola 46 kwa uniti toka 2012, na mtu wa nje sehemu nyingi anazidi 300. Kile AB 540 inachokata ni ile nyongeza ya nje tu. Ada ya kawaida itabaki palepale, hiyo mtalipa ama mtaombea msaada, nasema mapema maana wapo waliokuja kwangu wamekasirika wakidhani msamaha ni kusoma bure.

Sasa AB 540 yenyewe. Ni sheria ya California ya 2001, mbunge aliyeileta alikuwa Marco Firebaugh, gavana Gray Davis akaisaini ikaanza kazi Januari 2002. Haimfanyi mtu kuwa mkazi. Inasema hivi: huyu hata kama si mkazi msimtoze ile ya nje, kwa sababu shule kaisomea kwetu. Inataka kwanza miaka 3 ya kusoma haiskuli California (gredi ya 9 mpaka ya 12) au krediti za kulingana na miaka 3. Inataka pia kwamba umemalizia California, yaani diploma ya haiskuli ya huku au cheti kinacholingana nayo, au digrii ya miaka miwili ya komyuniti koleji, au uwe umetimiza masharti ya kuhamia UC ama CSU. Halafu uwe umeandikishwa chuo cha umma cha jimbo. Na kama huna hadhi ya uhamiaji, unaapa kwamba umeshaomba kuihalalisha au utaomba mara tu utakapoweza. Hiyo ya kiapo haimhusu binti yako, ana green card.

Tumhesabie. Chukua karatasi uandike na mimi. Gredi ya 9 alianza 2019, San Diego, mmoja. Gredi ya 10, 2020 kuingia 2021, San Diego, miwili. Najua utaniuliza, kaka mwaka ule si walisomea kwenye Zoom ndani ya chumba, shule imefungwa kwa korona? Unahesabika. Alikuwa ameandikishwa shule ya California, amekaa California, krediti ziko kwenye transkripti, yaani rekodi yake ya masomo. Gredi ya 11 Minnesota, hiyo iache. Gredi ya 12, 2022 kuingia 2023, San Diego, mitatu. Imetosha. Diploma Juni 2023 ya San Diego, imetosha tena. Haijalishi kwamba miaka imekatika katikati, sheria haisemi popote iwe mfululizo, na haijalishi kwamba kamaliza 2023 akaenda kufanya kazi jimbo jingine akarudi sasa. Haina muda wa kuisha. Nimeshaona mtu mzima wa miaka arobaini na kitu anaingia na diploma ya ujana wake na anapata.

Na gredi ya 6 mpaka ya 8 wala hatujazigusa. Zishikilie hizo kama akiba. Kuna njia ya pili ndani ya sheria, iliingizwa na AB 2000 ya 2014, inayochukua mtu mwenye krediti za haiskuli za miaka 3, kwa mfano aliyerukishwa madarasa akamaliza mapema, ikimjazia miaka ya kukaa darasani kwa kutumia shule ya msingi na ya kati. Binti yako haihitaji ila mkiulizwa rekodi za zamani msishangae.

Nije kwenye hofu, maana naona ndo iliyowafunga mikono. "Ni ya wasio na makaratasi." Hapana dada. Ni kweli wasio na makaratasi ndo waliofanya sheria hii ipiganiwe na ndo wanaotajwa kila ikizungumzwa, lakini maandishi yake hayamchagui mtu kwa makaratasi, na ripoti za UC wenyewe kwa miaka mingi zilionyesha kwamba wengi waliokuwa wanaipata kwao walikuwa raia na wenye green card. Ni watoto kama wako haswa, kasoma California, wazazi wakahamia Nevada au Texas au Minnesota, mtoto karudi kusoma.

Tena nikwambie kitu ambacho watu wengi hawakijui na mimi nakipenda sana. Kuna sheria ya shirikisho ya 1996 inayozuia jimbo kumpa asiye na hadhi nafuu ya ada kwa msingi wa ukazi isipokuwa raia wote wa Marekani nao waipate. 2005 wanafunzi raia kutoka majimbo mengine waliokuwa wanatozwa ada ya nje wakaishtaki California kwa hoja hiyo, mahakama ya rufaa ikawapa haki 2008, ikaonekana sheria inakufa. Kesi ikaenda mpaka mahakama kuu ya California, Martinez dhidi ya Regents (bodi ya UC), na Novemba 15, 2010 majaji wote kwa kauli moja wakasema AB 540 inasimama. Kwa nini? Kwa sababu haikujengwa juu ya ukazi, imejengwa juu ya kusoma na kumaliza haiskuli California, na wapo watu wengi wasio wakazi, raia, wanaoipata. Umeona sasa? Mtoto anayeishi Minneapolis aliyesoma San Diego ndo nguzo ambayo hoja nzima imeegemea. Kwa hiyo binti yako akijaza hiyo fomu haibi nafasi ya mtu wala hajipenyezi. Yeye ndo yule sheria ilikuwa inamsema.

Na uraia je? Fomu ya kuomba uraia, N-400, haina swali la ulilipa ada ya aina gani chuoni. Karatasi ya AB 540 inabaki kwenye faili la mwanafunzi na faili hilo linalindwa na FERPA, sheria ya faragha ya wanafunzi ya 1974, chuo hakiruhusiwi kulitoa hovyo bila ridhaa yake au amri ya mahakama. Na kwenye fomu kuna sehemu ya kuweka tiki kuhusu hadhi ya uhamiaji, yeye anaweka pale penye raia na wakazi wa kudumu na wengine wenye hadhi, basi, hagusi ile sehemu ya wasio na hadhi. Hakuna anayemgeuza kuwa asiye na makaratasi.

Nalisema kwa uchungu hili kwa sababu nilimwona kijana mmoja wa Kirundi, wazazi wake walitokea kambini Tanzania, kasoma haiskuli San Diego miaka yote minne, halafu familia ikahamia jimbo jingine yeye akarudi baadaye. Akatozwa ada ya nje mihula miwili. Mjomba wake alimwambia maneno hayohayo mliyoambiwa nyie, ukisaini hiyo umejiandika mwenyewe. Akawa anabeba mizigo usiku kwenye ghala, asubuhi anakuja darasani na buti za kazi miguuni, anasinzia. Siku aliyokuja dirishani kwangu hakuja kuomba msamaha wa ada, alikuja kuuliza tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye masomo. Nikafungua transkripti yake kwenye kompyuta nikaona jina la haiskuli ambayo ipo mwendo wa basi moja kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Nikamuuliza, ulisoma hapo miaka mingapi? Akasema minne. Nikampa fomu, akaijaza kwenye kaunta, dakika kumi haikufika. Hiyo mihula miwili aliyolipa jasho lake lilikuwa limeshakwenda, ile ya mbele ndo ilisalimika. Kwa hiyo watu wakisema "msithubutu" naomba waulizwe wameisoma wapi.

Haya, kazi sasa. Fomu inaitwa California Nonresident Tuition Exemption Request, andika jina hilo kwa Kiingereza hivyohivyo unapoitafuta kwenye tovuti ya chuo chake, aichukue ya chuo chake mwenyewe maana kila kampasi ina pa kuipeleka, wengine admishen, wengine rejista. Ujumbe wa kutuma uwe mfupi na maneno yawe sawa. Aseme: siombi kubadilishiwa ukazi, naomba kusamehewa ada ya watu wa nje chini ya AB 540, nimesoma haiskuli California miaka 3 na nimepata diploma California. Sentensi hiyo aiandike kwa Kiingereza safi mwanzoni kabisa mwa imeili. Akianza na habari za green card na baba kuhamia kazi, atakayesoma ataikimbiza kwenye foleni ya ukazi na mtarudi kulekule.

Kwenye fomu kuna jedwali dogo la shule: jina la shule, mji, jimbo, kuanzia mwezi gani mwaka gani mpaka lini. Hapa ndo watu wanaharibu. Asijaze kwa kukumbuka. Akae na transkripti pembeni aandike kinachoonekana pale, Agosti ni Agosti, Juni ni Juni. Kama gredi ya 12 alirudi shule tofauti na ile ya 9 na 10, hizo ni shule mbili na mistari miwili. Asiandike mstari mmoja wa "2019 mpaka 2023" akaruka Minnesota, maana transkripti itaonyesha pengo, na fomu ile inasainiwa kwa kiapo chini ya sheria ya uongo wa kiapo, kwa hiyo uzembe mdogo utaonekana udanganyifu na hamna sababu yoyote ya kudanganya, miaka inatosha.

Jambo la majina liangalieni kwa makini zaidi, hili ni letu sisi. Mtoto wa Kitanzania pasipoti inaweza kuwa na jina lake, la baba na la babu. Shule ya San Diego ikamwandika kwa jina lake na la babu, maana ndo la mwisho. Green card ikafuata pasipoti. Kule kazini wakaandika la baba. Sasa kwenye mfumo wa chuo kuna mwanafunzi mmoja na transkripti ya "mtu mwingine", inakaa haijaunganishwa na mtu, wiki tatu nyie mnasubiri na wao wanasubiri. Nimeona hiyo mara nyingi kuliko sababu yoyote nyingine ya kuchelewa. Afungue akaunti yake ya chuo aangalie limeandikwaje, aangalie transkripti, aangalie na tarehe ya kuzaliwa, na kama kuna tofauti aseme kwenye imeili ileile: mimi ndiye huyu, rekodi za shule ziko kwa jina hili, ambatanisha kopi ya green card. Sentensi moja inaokoa mwezi.

Transkripti iwe rasmi, inayotoka shuleni au kwenye distrikti ya shule moja kwa moja kwenda chuoni, siyo picha ya simu. Lazima ionyeshe tarehe ya kuhitimu. Watu wengi wamepeleka transkripti wakati wa kuomba nafasi ambayo ilitoka kabla hawajahitimu, kwa hiyo chuo kina miaka yake lakini hakina diploma yake, na kwa AB 540 hiyo ni nusu. Aulize hilo wazi: mna transkripti yangu ya mwisho?

Afanye lini? Leo. Kabla tarehe ya mwisho ya kulipa ada haijafika, maana kuna vyuo vikiona bili haijalipwa vinamwondoa mtoto kwenye madarasa, na darasa la sayansi likishajaa halirudi. Akiona siku zinakaribia na jibu halijatoka aende mwenyewe dirishani, wala si simu, aende amebeba fomu na kopi, aombe kwa adabu waandike kwenye akaunti yake kwamba ombi lipo linashughulikiwa. Mkilazimika kulipa kitu ili asiondolewe, aulize kabla ya kutoa hela kama msamaha ukipita watairudisha ile ya muhula huu, na ajibiwe kwa maandishi. Akishapewa, kwenye chuo hicho haombi tena kila muhula. Akihama chuo anaomba upya.

Msaada wa fedha ni mlango mwingine. Yeye ana green card kwa hiyo anajaza FAFSA, fomu ya msaada wa fedha ya serikali ya Washington. Ile CADAA ya California Dream Act ni ya wasio na hadhi, asiijaze hata kama mtu wa dirishani akisikia "AB 540" akamwelekeza huko kwa mazoea. Inatokea.

Kwa wengine wanaosoma hapa ambao hesabu zao hazifiki, msikate tamaa haraka. Toka 2018 sheria inachukua pia miaka ya adalti skuli (shule ya watu wazima) na komyuniti koleji, ilikuwa SB 68 ya 2017. Uniti 24 za muhula kwenye komyuniti koleji zinahesabika mwaka mmoja. Adalti skuli na yale madarasa ya koleji yasiyo na krediti, saa 420 za darasani kwa mwaka ni mwaka. Kuna mama zetu Wakongo walioingia hapa wazima, wakakaa madarasa ya Kiingereza jioni miaka na miaka, huku wanadhani ule haukuwa usomi wa kuhesabika. Nendeni mkaombe rekodi za mahudhurio, saa zenu ziko pale zimeandikwa. Bado inabidi mtu awe amemaliza kitu California, diploma ya adalti skuli au kile cheti kinacholingana nayo. Na mkimbizi aliyefikia California moja kwa moja, kwenye komyuniti koleji kuna msamaha wake kando, wa sheria ya 2017, unamsitiri mpaka atimize muda wa kuwa mkazi, aulize huo kwanza.

Asiye na hadhi kabisa, fomu ni hiyohiyo, unaweka tiki pale pa kwako na kile kiapo. Ninachokuomba ni kimoja, usiweke tiki ya raia kwa woga. Kudai uraia usio wako kwenye karatasi ya Marekani kunaweza kukufungia milango ya uhamiaji maisha, ni hatari kuliko kusema kweli kwenye fomu ya chuo. Kaa na wakili wa uhamiaji kwanza, vyuo vingi vya California vina ofisi ya wanafunzi hao na mara nyingi wakili haumlipii.

Na ninachoeleza ni California. Msikichukue mkakipeleka Dallas ama Miami. Texas walikuwa na sheria yao ya 2001 pia, Juni 2025 serikali ya Washington ikaishtaki na jimbo likakubali siku ileile, mahakama ikaizima kwa wasio na hadhi. Florida bunge lao lenyewe lilifuta ya kwao mwaka huohuo. Nguvu hiyohiyo imeshaelekezwa California pia, Novemba 2025 Washington imeishtaki, ndo maana nasema ombeni kwa sheria iliyopo leo wala msiweke kiporo. Binti yako mwenye green card ile sheria ya 1996 haimlengi, lakini sitaki asubiri kuona.

Mtoto wa kaka yako sasa. Viza ya F-1 ni ya mgeni wa muda na sheria inawatoa watu wa viza za muda, isipokuwa wenye T na U ambazo ni za waliosafirishwa kwa biashara ya watu na waliodhuriwa na uhalifu. Kwa hiyo akija kwa F-1 atalipa ya nje mwanzo mpaka mwisho, na ukazi pia hajengi akiwa na viza hiyo hata akae miaka mitano. Mwambieni kaka yako hili kabla hajauza shamba. Aangalie komyuniti koleji kwa miaka miwili ya kwanza, ni ya nje pia lakini ni nafuu kuliko kuanzia CSU, na aulize kila chuo kama kina skolashipu inayompokea mwanafunzi wa kimataifa, maana ipo michache. Ikitokea huko mbele akapata green card kwa njia yoyote, miaka aliyosoma komyuniti koleji California akiwa na F-1 haipotei, ataweza kuihesabu.

Binti akishatuma, akae anaangalia akaunti yake. Msamaha ukipita, barua yenyewe wakati mwingine inachelewa, kinachotangulia ni bili: ule mstari wa ada ya nje unabaki umeandikwa na chini yake unatokea mwingine wa kiasi kilekile wenye alama ya kutoa. Apige picha ya ukurasa huo, akutumie.